Sura ya Nne: Panga Linapovuka Mpaka

Mvua zikishakatika Kondoa na maua ya miombo yakishamaliza kazi yake, mrina asali wa Kolo huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Hatoki mikono mitupu. Begani ana shoka, kiunoni panga, mgongoni kamba ya kupandia na ndoo yenye kifuniko, mkononi kibiriti na fungu la nyasi kavu atakalolifanya kienge. Akipishana na jirani wanasalimiana, wanaulizana habari za mvua na za ng'ombe, kisha kila mmoja anashika njia yake. Hakuna anayemuuliza kuhusu panga. Huku Irangi, anayetia shaka ni yule aendaye porini bila panga.

Simtaji kwa jina kwa sababu si mtu mmoja. Ni mrina yeyote wa vilima hivi, mwenye mizinga ya magogo aliyoitundika mwenyewe na mingine aliyorithi. Tumwite Mrina, tumfuate kwa nyuma, tuangalie sheria zinavyombadilikia njiani.

Anaanzia shambani kwake, kwenye mabua ya mtama. Anavuka lami ya Dodoma kwenda Babati, kilomita 251 zilizozinduliwa rasmi mwaka 2018. Anaingia msitu wa kijiji, ambao kamati ya maliasili ya kijiji inausimamia kwa sheria ndogo walizozipitisha wenyewe. Anapanda mpaka anafika mkuza, ule ukanda uliofyekwa kuonyesha mpaka, na ng'ambo yake ni Isabe, hifadhi ya misitu ya serikali. Mininga ya upande huu ni ileile ya upande ule. Nyuki hawajui kuna mpaka. Mrina anaujua.

Katika mwendo huo wa saa mbili au tatu, panga lake halikubadilika hata kidogo: makali yaleyale, mpini uleule. Kilichobadilika ni jina lake. Shambani lilikuwa chombo cha kilimo, barabarani mzigo wa mtu, msitu wa kijiji chombo cha kazi kinachojulikana. Likivuka mkuza linaweza kuitwa silaha, na aliyelibeba akatakiwa kujieleza.

Kondoa na somo la mipaka

Mrina hakujifunza mipaka kwenye semina. Mkoani Dodoma ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, kwa msaada wa Sweden, kupambana na makorongo yaliyokuwa yakila Irangi. Mwaka 1979 serikali ilichukua hatua ambayo wazee wa Kondoa wanaisimulia mpaka leo: mifugo yote iliamriwa iondoke katika eneo lililoharibika, eneo la kilomita za mraba 1,256. Karibu ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda 90,000 walihamishwa. Siku moja malisho yalikuwa ya babu, siku ya pili kuingiza mbuzi humo ni kosa.

Miti ilirudi. Makorongo mengi yakavaa nyasi. Hilo halibishaniwi sana. Kilichobaki vichwani mwa watu ni funzo lingine: kwamba kitu ulichokifanya maisha yako yote kinaweza kugeuka kosa bila wewe kusogea hatua, kwa sababu mstari umesogezwa ukakupita.

Baada ya HADO mistari iliongezeka. Miaka ya 1990 yalikuja mapori ya akiba mawili: Mkungunero, kaskazini mashariki, linalopakana na Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, na Swagaswaga, kusini magharibi, ambalo leo limeingia pia katika Wilaya ya Chemba iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Mpaka wa Mkungunero umegombaniwa na vijiji kwa miaka mingi, na ugomvi huo umemwaga damu. Kwa hiyo mtu wa Kondoa akiuliza kama anaweza kupita msituni na silaha, swali la kwanza la kumrudishia ni hili: msitu upi?

Silaha ni nini hasa?

Sheria ya Misitu, Namba 14 ya mwaka 2002, inagawa misitu katika mafungu: hifadhi za misitu za taifa, hifadhi za serikali za mitaa, misitu ya vijiji na misitu ya watu binafsi. Si mgawanyo wa makaratasi tu. Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu na mapori, zaidi ya nusu ya ardhi yake, na sehemu kubwa ya watu wa vijijini huishi ndani ya mwendo wa miguu kutoka kwenye mpaka wa aina fulani.

Ndani ya hifadhi ya misitu ya taifa au ya serikali ya mitaa, sheria hiyo inakataza mambo mengi yasiyo na kibali, na miongoni mwake ni kuwa na mtego, wavu, upinde na mshale, bunduki, sumu au baruti inayoweza kutumika kuwinda. Tazama neno hilo "inayoweza". Bwana Miti, yaani afisa misitu, halazimiki kukukuta na nyama. Hata mnyama hahitajiki. Inatosha kwamba ulichokibeba kingeweza kufanya kazi hiyo.

Ukitoka kwenye misitu ukaingia kwenye wanyamapori, wavu unapanuka zaidi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, ikisema silaha haimaanishi bunduki pekee. Mkuki umo, kisu kimo, shoka limo, rungu limo, na mitego ya kila namna. Katika pori la akiba, kuwa na bunduki au upinde bila ruhusa ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori ni kosa peke yake. Na mtu akikutwa na silaha katika mazingira yanayotia shaka, mzigo unahamia begani kwake: yeye ndiye aseme ilikuwa ya kazi gani.

Ndiyo maana ukipitia hukumu za mahakama zetu zinazohusu hifadhi, utakutana na shtaka lilelile likijirudia: kupatikana na silaha, nayo silaha yenyewe ni panga moja na waya wa kutegea. Watu wa mjini wakisikia "alikamatwa na silaha hifadhini" huona akilini bunduki ya kivita. Wa Kondoa huona panga la jirani.

Hapa Mrina ana bahati kidogo, kwa sababu kazi yake inajionyesha. Ndoo, kamba na kienge vinamtetea. Mwindaji wa magendo hapandi na ndoo yenye kifuniko. Lakini siku akienda kwenye mizinga aliyoachiwa na mjomba wake upande wa mashariki, kuelekea Mkungunero, ndoo hiyohiyo haimsaidii sana. Kule kosa linaanza na kuingia kwenyewe bila kibali, kabla hata ya kuhesabu alichobeba.

Upinde ukutani, upinde mkononi

Juu ya njia ya Mrina kuna mapango ya Kolo. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006: miamba zaidi ya 150 iliyochorwa, katika eneo la kilomita za mraba zaidi ya 2,000. Mtafiti Mary Leakey alifika mwaka 1951 kunakili michoro hiyo, akaichapisha katika kitabu miaka zaidi ya thelathini baadaye. Ukisimama chini ya mwamba utaona pofu, twiga na tembo kwa rangi nyekundu iliyofifia, na watu waliochorwa wembamba kama vijiti. Wapo walioshika upinde.

Michoro hiyo ni mali ya taifa na serikali inailinda. Ukiikwangua utashtakiwa. Lakini mtu akishuka kutoka kwenye mwamba ule akiwa na upinde halisi mkononi, akavuka mkuza kuingia Isabe, atakuwa amebeba kitu ambacho Sheria ya Misitu inakitaja kwa jina miongoni mwa makatazo. Wasandawe, ambao watafiti wengi wamewahusisha na michoro hii, wanaishi Chemba, mwendo mfupi kusini magharibi. Kwa vizazi upinde kwao ulikuwa kama panga kwa Mrina. Sheria ya mwaka 2009 imeacha mlango wa uwindaji wa jamii za asili, lakini ni mlango wa leseni: upinde unaruhusiwa ukitanguliwa na karatasi.

Sisemi haya kwa kejeli. Wanyama walio kwenye mwamba wengi wao hawapo tena kwenye vilima vinavyouzunguka, na si wageni peke yao waliowamaliza. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba sheria zetu za silaha porini hazikuanza na bunduki. Zilianza na swali la nani mwindaji na nani jangili, na jibu la swali hilo liliandikwa muda mrefu kabla ya Uhuru.

Gobore na mkataba wa Brussels

Wajerumani walipoitawala Tanganyika, gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji mwaka 1896: kuwinda kwa leseni, na maeneo ya kwanza ya wanyama yaliyofungwa. Miaka sita kabla yake, tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalikuwa yamekutana Brussels kuzungumzia biashara ya watumwa, wakatia saini mkataba uliozuia bunduki za kisasa kuingizwa Afrika, katika ukanda wote ulio kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta. Kondoa, karibu na nyuzi 5 kusini, ilikuwa ndani kabisa.

Mkataba huo uliacha upenyo mmoja. Bunduki za kizamani za jiwe la kuwashia, zenye mtutu usio na mikato ndani, na baruti ya kawaida, ziliweza kuendelea kuuzwa. Hii ndiyo asili ya hadhi ya gobore katika nchi yetu. Watu huona gobore kama dalili ya ushamba, kwamba mwanakijiji hakupata kilicho bora. Ukweli ni kwamba wakubwa walikaa mezani Ulaya wakaamua Mwafrika abaki na gobore, na bora kibaki kwao.

Bora chenyewe Kondoa ilikiona mwaka 1916. Mwezi Aprili majeshi ya Jenerali Jaap van Deventer wa Afrika Kusini yaliuteka mji. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akapandisha askari wake kutoka reli ya kati, na usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Mei pakapiganwa vita vikali kwenye vilima vinavyouzunguka mji. Walikuwa na mzinga wa meli ya kivita Königsberg, iliyozamishwa kwenye delta ya Rufiji mwaka uliotangulia, ukavutwa mpaka bara kupigia risasi milima ya Irangi. Vita vikaisha, bunduki hizo zikaondoka na wenyewe. Gobore likabaki na mwenye shamba, analoshindilia baruti na goroli kufukuza ngedere na nguruwe pori.

Mpaka leo mafundi wa vyuma hutengeneza magobore kwa mabomba, na leo hilo ni kosa kubwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, haikubali mtu kutengeneza, kurekebisha wala kumiliki silaha bila leseni, iwe ya kiwandani au ya mhunzi. Zaidi ya hapo, makosa ya silaha yamewekwa kwenye jedwali la Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1984, sheria iliyozaliwa baada ya vita ya walanguzi ya Waziri Mkuu Sokoine ya 1983. Kwa hiyo mkulima akikamatwa na bomba lenye kitako cha mninga, faili lake linaandikwa "uhujumu uchumi", na mahakama ya wilaya haiwezi kusikiliza shauri mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka atoe kibali. Familia inayoletewa habari hiyo hushangaa: uchumi gani?

Serikali nayo imejua kwamba magobore mengi hayakuhifadhiwa kwa nia mbaya. Novemba 2022, na tena Septemba na Oktoba 2023, Wizara ya Mambo ya Ndani ilitangaza msamaha: anayemiliki silaha isiyo halali aisalimishe polisi au kwa viongozi wa serikali ya mtaa wake, asishtakiwe. Msamaha wa namna hiyo ni kukiri, kwa lugha ya kiserikali, kwamba wengine silaha waliirithi pamoja na mizinga.

Mwenye leseni

Tuseme Mrina ana mtoto aliyefanikiwa, mwenye duka Kondoa mjini, anayetaka bunduki kwa njia ya halali. Lazima awe ametimiza miaka 25. Lazima apate mafunzo na cheti cha uwezo. Na lazima jina lake lipite: barua ya mtendaji, kamati za ulinzi na usalama, mkuu wa polisi wa wilaya, na kuendelea juu. Wanaomjua ndio wanaoulizwa kwanza. Mtu mlevi au mwepesi wa hasira anaweza kukwama kwa neno la mjumbe mmoja tu.

Leseni ikitoka, imempa haki ya kumiliki bunduki ile, yenye namba ile, kwa sababu ile aliyoiandika. Haijampa haki ya kuingia nayo Isabe. Ikiwa anataka kuwinda, kuna leseni ya uwindaji wa wenyeji, yenye msimu wake na idadi yake ya wanyama, na kitalu chake. Bunduki inahitaji karatasi yake, mnyama karatasi yake, na ardhi karatasi yake. Tatu zikikosa moja, mbili zilizobaki hazitoshi.

Vipi akitembea nayo begani barabarani, bila kutishia mtu? Kanuni ya Adhabu inatamka kwamba mtu anayezunguka na silaha hadharani bila sababu halali, kwa namna inayotia watu hofu, ametenda kosa. Maneno hayo yana safari ndefu kuliko yanavyoonekana.

Mzizi mmoja, miti miwili

Mwaka 1328, enzi za Mfalme Edward wa Tatu, Uingereza ilitunga sheria mjini Northampton ikikataza watu kwenda na silaha kwenye masoko, minada na mbele ya waamuzi wa mfalme. Wazo hilo likaendelea kuishi katika sheria za Kiingereza, likaandikwa upya katika kanuni ya adhabu ya Queensland, Australia, mwaka 1899, na kanuni hiyo ndiyo iliyokuwa kielelezo cha zile zilizoletwa Afrika Mashariki mwaka 1930. Kwa njia hiyo sheria ya soko la Kiingereza la karne ya 14 ikafika kwenye mnada wa Kondoa.

Ikafika na Marekani pia, kwa mlango mwingine. Tarehe 23 Juni 2022, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kesi ya Bruen iliyotoka New York, majaji walibishana kurasa kwa kurasa juu ya sheria hiyohiyo ya 1328: je, ilikataza kubeba silaha, au ilikataza kutisha watu tu? Waliokuwa wengi walishika la pili, wakaamua kwamba raia ana haki ya kubeba silaha nje ya nyumba yake kwa kujilinda.

Kwa hiyo katika misitu ya taifa ya Marekani, ambayo ni takriban hekta milioni 78, mtu anaweza kutembea na bastola kiunoni kila mtu akiiona, ilimradi sheria ya jimbo inaruhusu. Wakala wa misitu hamuulizi kwa nini anayo. Anajali zaidi atakavyoitumia: asipige risasi ndani ya yadi 150, kama mita 137, kutoka kwenye nyumba, kambi au mahali penye watu, wala asipige kukatiza barabara. Hifadhi zao za taifa zilikuwa kali zaidi, lakini tangu tarehe 22 Februari 2010 huko nako hufuatwa sheria ya jimbo.

Mzizi mmoja umetoa miti miwili. Kule mtu anaanza na haki, na serikali ndiyo inayotafuta sababu ya kumzuia. Kwetu mtu anaanza na katazo, na yeye ndiye anayetafuta sababu ya kuruhusiwa. Msomaji asikimbilie kusema upi bora. Msitu wa Marekani una watalii waliokwenda kulala siku mbili kwenye hema. Isabe ina watu wanaoishi ukingoni mwake, wanaotaka kuni, dawa, uyoga na asali kutoka humo kila wiki. Kanuni ya kule ilitungwa kwa mgeni wa msitu. Ya kwetu inamwangukia mwenyeji.

Wanaobeba wazi

Kuna kundi moja linalotembea na bunduki wazi kwenye misitu na mapori ya Kondoa bila kuulizwa: askari uhifadhi. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, wamegeuzwa kutoka taasisi za kiraia kuwa sehemu ya Jeshi la Uhifadhi, wenye sare, vyeo na gwaride. Bwana Nyama wa zamani, mwenye kaptura na daftari, amekuwa askari mwenye kombati.

Wana sababu za kushika bunduki. Majangili wa pembe za ndovu walikuja na silaha za kivita, na askari wameuawa kazini. Tembo wa Tarangire wanaingia mashambani usiku, na mwanakijiji aliyezingirwa hataki hotuba, anataka mtu mwenye bunduki afike upesi. Fedha anayolipwa baadaye, inayoitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyeuawa, haitoshi kurudisha gunia wala roho.

Lakini nchi hii imeshaona bunduki hizo zikielekezwa kusiko. Operesheni Tokomeza ilianza Oktoba 2013 dhidi ya ujangili, ikasitishwa tarehe 1 Novemba baada ya malalamiko ya mateso, mifugo kuuawa na mali kuchomwa. Kamati ya Bunge ikachunguza, na tarehe 20 Desemba mawaziri wanne wakaondolewa siku moja. Bungeni lilisikika pia suala la watu waliokuwa na leseni zao halali wakanyang'anywa bunduki kana kwamba leseni ni kipande cha gazeti. Hapo ndipo swali la kubeba silaha linapogeuka. Kanuni inayomtaka raia ajieleze haina maana kama anayemsikiliza hana masikio.

Babati, jirani kwa kaskazini, walijaribu njia nyingine. Msitu wa Duru-Haitemba ulikuwa njiani kufanywa hifadhi ya serikali, lakini katikati ya miaka ya 1990 vijiji vinane vilipewa kuulinda vyenyewe. Walinzi wakachaguliwa na mkutano wa kijiji, wakifanana kwa utaratibu na sungusungu waliotoka Shinyanga na Tabora miaka ya 1980 na pinde zao. Mfano huo ulichangia kuzaa Sheria ya Misitu ya 2002 na vifungu vyake vya misitu ya vijiji. Katika vilima vya Kolo nako, Isabe na Salanga zilishirikisha vijiji, na kuanzia mwaka 2010 mradi wa hewa ukaa wa shirika la African Wildlife Foundation uliongeza kazi hiyo. Mlinzi wa kijiji hana bunduki. Ana kitu ambacho askari wa mbali hana: anaijua ndoo ya Mrina.

Mkuzani

Turudi njiani. Mrina amefika mkuza, jua limeanza kupanda. Anakutana na doria, vijana wawili wa sare na mlinzi mmoja wa kijiji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Habari za kazi?"

"Salama. Unaelekea wapi na shoka hilo?"

Hilo ndilo swali. Hawakuuliza kama shoka linaonekana au limefichwa. Mtu mwenye shoka begani hawezi kulificha. Wameuliza linakwenda wapi, na nyuma ya swali hilo zipo amri ya 1896, mkataba wa Brussels, Sheria ya Misitu na ile ya wanyamapori. Mrina hajazisoma. Lakini amejifunza kutokana na waliokamatwa. Anashusha ndoo, anafungua kifuniko. Ndani, juu ya kisu cha kukatia masega, kuna mfuko wa nailoni uliokunjwa mara mbili. Anautoa, anaufungua polepole, anatoa barua yenye muhuri wa kijiji na kibali cha kurina.

Mlinzi wa kijiji anacheka kidogo, kwa sababu yeye anajua mizinga iko mti gani. Wale vijana wa sare wanasoma mpaka mwisho, wanarudisha karatasi kwa mikono miwili. Mrina anaikunja, na safari hii hairudishi ndani ya ndoo. Anaiweka mfuko wa shati, juu, mahali itakapoonekana kabla ya panga, maana huko mbele anaweza kukutana na doria nyingine isiyo na mtu wa kijiji.